Unga wa Kijani Kwenye Uji wa Ogoti

Maiti ya bibi Kemuma ililala kifudifudi kwenye migomba, nyuma ya nyumba ya jirani yake, Ogoti. Kisogo kilikuwa kimepondwa kwa kitu butu. Vidoleni mlikuwa na unga wa kijani.

Inspekta Celestine alichukua sampuli ya unga ule.

"Nini hii?" alimuuliza Sheila, binti wa marehemu.

"Brahmi, afande. Mitishamba ya Kihindi, ya kumbukumbu. Nilinunua Kisii mjini. Mama alikuwa amesahau hata jina langu. Alfajiri anatoka, anaingia boma za watu."

"Nao wanasemaje?"

"Mchawi. Hapa Nyamira mzee akipotea njia ya kwake, hilo ndilo jina lake. Nilitaka apone kabla hawajamchoma."

"Aliitumiaje?"

"Kijiko kwenye uji, kila asubuhi. Hilo tu ndilo alilokumbuka."

Inspekta na askari wake walimkuta Ogoti jikoni kwake, anachochea moto.

"Kemuma alikuja hapa leo?"

"Hajakanyaga."

"Mbona umemwaga uji?"

Nje ya mlango kuku walikuwa wakidonoa uji wa wimbi. Juu yake ulielea unga wa kijani.

"Uliungua."

"Uji ukiungua huwa kijani, mzee?"

Ogoti alisukuma ukuni ndani ya moto. Kando yake lilikuwapo jembe lisilo na mpini.

"Mpini uko wapi?"

Alielekeza kidevu motoni.

"Nilimkuta hapa anatia unga kwenye uji wa wajukuu wangu," alisema. "Anatabasamu. Ananiambia, 'Baba Sheila, keti unywe.' Baba Sheila tulishamzika. Nikajua anawaita wafu waje kuwachukua wajukuu wangu. Akakimbia, nikamfuata."

"Alidhani yuko jikoni kwake. Unga ule ni dawa, Ogoti. Alipewa ili asije kwako."

Ogoti aliacha kuchochea moto.

"Ingemponya?"

"Binti yake amekuwa akimpa tangu kiangazi. Umeona mwenyewe."

Alipotolewa nje akiwa na pingu mikononi, majirani walikuwa wamejaa uani. Mwanamke mmoja alimgusa bega.

"Pole, mzee. Umetuondolea mchawi."

Wengine waliitikia kwa vichwa. Kisha, mmoja mmoja, wakageuka kumtazama Sheila. Alikuwa amesimama peke yake karibu na migomba, amelikumbatia kopo la brahmi, na vidole vyake vilikuwa vya kijani.