Gango la Fundi Cherehani

Fundi cherehani alikuwa na mkasi mmoja asiotaka uguswe. Ulikuwa wa kukatia kitambaa, basi. Mumewe, fundi rangi, aliwahi kukatia karatasi, akanuniwa siku mbili.

Kisha mlango wa chuma ukambana mke mkono wa kulia. Vidole viwili vikavunjika. Akafungwa plasta kwa wiki nne. Ilipotolewa, mifupa ilikuwa imeunga, lakini vidole vilikuwa vimekakamaa. Havikunjiki, havinyooki. Mkasi haukushikika.

Siku moja mumewe aliuchukua, akafungulia mfuko wa chokaa. Mke alimwona, asiseme neno. Mume aliogopa kimya kile.

Hospitalini, mtaalamu wa viungo alimtengenezea gango. Lilikuwa kibao chepesi cha plastiki chenye mikanda, cha kunyoosha vidole polepole.

Nyumbani, fundi alilitazama kwa jicho la kazi yake.

"Linapwaya hili," akasema. "Baba watoto, nishikie hapa."

Wakaifupisha mikanda, mmoja akishika, mwingine akishona kwa mkono wa kushoto. Fundi akalivaa, likambana kwelikweli.

"Likikaza hivi, vidole vitanyooka upesi."

Kesho yake vidole vilivimba. Ncha zilibadilika rangi, zikafa ganzi. Fundi alikaa kitandani, machozi yakimtoka.

"Mkono ndiyo basi tena. Tuiuze cherehani."

"Kwanza vua hilo gango," alisema mumewe. "Halafu twende hospitali."

Mtaalamu, kijana mpole, aliigeuza mikanda akaona nyuzi.

"Nani kashona hapa?"

"Mimi, mwanangu."

"Umeshona vizuri, mama, lakini umejiumiza. Hebu niambie. Kitambaa kikienda polepole chini ya sindano, unakivuta?"

"Nikikivuta sindano itavunjika. Nakiongoza tu."

"Na vidole ni hivyo hivyo. Ukivivuta kwa nguvu vinavimba, na vikivimba vinazidi kukakamaa. Uhisi kuvutwa, usihisi maumivu. Ukiona ganzi au rangi imebadilika, vua, uje. Kupunguza na kuongeza niachie mimi."

"Nilivae muda gani?"

"Kwa sasa nusu saa, mara tatu kwa siku. Ukilivua, tia mkono kwenye maji ya vuguvugu. Kisha kunja na nyoosha kila kidole mara kumi, taratibu. Fanya na kazi nyepesi, kama kuosha vikombe. Mkono usipotumika unaganda."

"Jirani yangu naye ana kidole kibovu. Nimwazime?"

"Wewe mteja akija, unampa gauni la mwenzake?"

Fundi akacheka. Hakuwa amecheka tangu siku ya mlango.

Uvimbe ulipopungua, alitengenezewa gango jingine, na safari hii hakuligusa kwa sindano. Kila wiki mtaalamu alilirekebisha kidogo. Mazoezi yalichosha. Wiki ya tatu fundi alikunja fundo la kwanza la kidole, wiki ya sita akashika kikombe. Kidole cha pete hakikurudi chote, na mtaalamu hakumficha hilo.

Wiki ya kumi, mumewe alileta mfuko mwingine wa chokaa. Akanyoosha mkono kuchukua mkasi.

"Weka chini," mkewe akasema nyuma yake. "Huo wa kitambaa."

Akauchukua, akapitisha vidole, akakata kipande cha khanga kuukuu.

"Umeshautia ubutu," akasema, akanuna.

Alinuna siku mbili. Mumewe alikuwa na furaha siku zote mbili.