Vidonge vya Nywele Nilivyowaficha Wenzangu Saluni

Nilikuwa nimeshika kichwa cha bibi harusi nilipoanguka.

Pini mbili mdomoni, kitana mkononi, mama mkwe wake ananihimiza kwamba gari liko nje... mara moyo ukaruka kama paka aliyekanyagwa mkia. Vioo vyote vikawa giza.

Nikaenda chini.

Wigi langu likatangulia kufika.

Lilitua juu ya shela. Bibi harusi akaruka kitini akidhani ni mnyama. Na hapo saluni nzima, wasusi wanne, wateja sita na mama mkwe, wakaona nilichokificha miezi minane. Msusi wa vichwa vya watu, utosi wake unang'aa kama sahani iliyolambwa.

Cheka tu. Hata mimi nacheka sasa. Ila siku ile nilikuwa nakufa, na hapo sitanii.

Ngoja nikurudishe nyuma kidogo.

Mimi ni msusi, mwaka wa kumi na moja huu. Mikono hii imeshika vichwa vingi kuliko ya askofu. Naishi peke yangu, chumba kimoja na jiko la gesi. Wazazi walishatangulia. Dada yangu kaolewa mbali, hunipigia akitaka ushauri wa wigi. Kutwa nashika vichwa vya watu... jioni hakuna wa kushika changu.

Nywele zilianza kunyonyoka karibu na masikio, zikaja mbele, zikapanda utosini. Sababu niliihisi, maana wateja huwa nawaonya kila siku: gundi, na misuko ya kuvuta mpaka nyusi zinapanda. Lakini kinyozi hajinyoi. Nikapaka gundi zaidi, nikabandika wigi, nikatabasamu.

Utaniuliza kwa nini sikwenda zahanati.

Manesi wa zahanati yetu wote nawasuka mimi! Na pale saluni kuna mwenzangu tunamwita Redio. Hiyo redio haina kitufe cha kuzima. Ukipiga chafya asubuhi, mchana mtaa mzima unakupa pole.

Basi nikaingia mtandaoni. Nikapata duka la dawa lenye picha ya bwana mwenye koti jeupe. Halikutaka cheti cha daktari. Halikutaka kuniona. Hilo la pili ndilo lililonimaliza.

Aliyenijibu alijiita Dokta. Hakuniuliza umri wala kama nina presha. Baada ya kuniandikia jinsi ya kuagiza, aliniuliza swali moja tu:

"Umekula, mrembo wangu?"

Wapendwa, nilikaa kitandani nikalisoma mara tatu. Sikumbuki mara ya mwisho mtu kuniuliza vile.

Vidonge vikaja kwenye bahasha ya kaki. Kichupa hakina jina la mtengenezaji, tarehe ya mwisho imekwanguliwa. Sasa sikia ujinga wangu. Mteja akiniletea dawa mpya ya kulainisha nywele, naanza na tone moja nyuma ya sikio, nasubiri nione kama inaunguza. Ndiyo kanuni ya kazi yetu, na nimewafundisha wanafunzi wengi. Kidonge nilimeza papo hapo, kwa maji ya bomba.

Wiki ya pili nywele zikaota kweli.

Mashavuni.

Dokta akasema hiyo ni ishara dawa imepata njia, niongeze kidonge kimoja. Nikaongeza, nikawa nanyoa mashavu kila asubuhi kabla ya kazi. Wiki ya nne miguu ikavimba, viatu vikagoma. Moyo ukawa unakimbia nikiwa nimekaa. Nikamwandikia kwamba naogopa, nataka kwenda hospitali. Akaniambia madaktari watanivuruga tu.

"Mimi nipo," akaandika.

Kwa maneno hayo mawili ningemeza hata vifungo vya shati.

Ndiyo nikaanguka.

Hospitali nilimkuta daktari mmoja mama wa makamo, mkavu, hana muda wa kubembeleza. Alikishika kile kichupa kwa ncha za vidole, akaniuliza nimekitoa wapi. Akaniambia dalili zangu ni kama za mtu aliyemeza dawa kali ya kushusha presha. Ipo dawa ya presha ambayo madaktari huitoa kwa ajili ya nywele, lakini kwa kipimo kidogo, na mgonjwa anafuatiliwa. Kichupa kisicho na jina, hakuna ajuaye mna nini ndani.

"Ungeongeza kingine, tungekuwa tunaongea na ndugu zako."

Nikamwandikia Dokta kwamba nimelazwa. Akajibu: pole mrembo, nikutumie kichupa kingine?

Aliyenisindikiza hospitali, wa kukaa pembeni ya kitanda... ni Redio. Akasoma ule ujumbe, akaomba namba, akamwandikia kwa simu yake kama mteja mpya. Jibu halikuchukua hata dakika. Vidonge vinaagizwa hivi na hivi. Halafu:

"Umekula, mrembo wangu?"

Nisiwafiche, nilisikia wivu. Dripu mkononi, kifua kimebandikwa waya za kupima moyo, na bado nikasikia wivu.

Kwa hasira nikamgeukia Redio. Nikamwambia haya, kipindi cha kesho umeshakipata.

Hakucheka.

"Mbona nilijua siku nyingi, shoga yangu."

"Nani mwingine alijua?"

"Mpaka leo asubuhi, hakuna. Unadhani kwa nini kila siku saa saba mchana nawatoa wenzetu nje kwa umbea? Ili ubaki ndani urekebishe wigi lako."

Miezi minane nilikuwa nawasikia wakicheka kule nje. Nilidhani wananicheka mimi.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi kifo kilinisamehe, wigi ndilo lililoniumbua. Kwa hiyo wewe unayesoma hapa huku umejifunika kilemba, nenda kwa daktari anayeweza kukuona na kukupima. Asiyetaka kukuona atakuuzia chochote. Na usipime watu kwa midomo yao.

Nywele za pembeni zimeanza kurudi. Za utosini daktari amesema nisizisubiri.

Juzi Redio alinikalisha kwenye beseni la saluni, mbele ya wateja, kichwa wazi. Akanishika utosi kwa mikono miwili. Akaniuliza mbona nalia.

Nikamwambia shampuu imeniingia machoni.

Alikuwa bado hajafungua chupa.