Waliitika Wawili

Jioni ile tulikwenda lamboni kuchota maji, mimi na Marit. Pale kijijini kwetu Magamba hakuna kazi ya kawaida kuliko hiyo. Saa kama ile kila msichana anakuwa na ndoo kichwani, jua limeshuka nyuma ya miombo, vumbi la ng'ombe bado halijatulia njiani.

Marit alikuwa mgeni wetu kutoka Norwei. Aliletwa na mpango wa kubadilishana wanafunzi uliopitia parokiani, mwaka tisini na saba. Yeye akae kwetu mwaka mzima kama mtoto wa nyumba, na mwaka unaofuata mimi niende kwao. Mwanzoni tulimcheka sana. Aliogopa jogoo. Alikula ugali kwa kijiko. Ndoo alikuwa akiibeba hatua chache tu, kisha anaoga maji yote. Lakini hakuwa na maringo hata kidogo, na Mama alimpenda mpaka majirani wakaanza kusema.

Alimpenda kupita kiasi.

Mama alimpa jina la Minza. Minza alikuwa dada yangu, mkubwa wangu wa pekee. Alikufa kwa homa miaka miwili nyuma, juu ya mkokoteni wa ng'ombe, tukiwa njiani kumpeleka hospitali mjini. Jioni iliyotangulia Baba alitaka twende saa ileile. Mama alisema tusubiri asubuhi, homa itashuka yenyewe. Haikushuka.

Kwetu Wasukuma jina la marehemu linarithiwa, lakini haliokotwi tu njiani. Linaombwa. Mwenye mji anasimama mlangoni mwa zizi kabla jua halijazama, anamwaga maji ya unga wa mtama, anamwambia mwenye jina: jina lako tunampa fulani, wewe pumzika. Asipoambiwa, mwenye jina atadhani anaitwa yeye.

Baba, mzee Nkwabi, alikuwa ameswaga ng'ombe upande wa Mishamo kutafuta malisho ya kiangazi. Mama hakumsubiri. Alianza tu kuita. Mimi nilijua kwamba hajaomba, nikanyamaza, maana hata mimi nilipenda kulisikia jina lile tena pale uani.

Basi, jioni ile tulikuwa tunarudi, Marit mbele, mimi nyuma. Moshi wa jikoni kwetu ulishaonekana. Mama akaita kutoka nyumbani.

"Minzaaa..."

"Abee, Mama," akaitika Marit.

"Abee, Mayu."

Hiyo ya pili ilitoka nyuma yangu.

Nyuma yangu hapakuwa na mtu. Tulikuwa wa mwisho kuondoka lamboni. Na mtu pekee wa rika letu aliyekuwa akimwita Mama "Mayu", Kisukuma kabisa, alikuwa amelala chini ya mawe nyuma ya zizi letu.

Kisha nikasikia harufu ya samli. Samli iliyokaa, ile Minza aliyokuwa akijipaka nywele. Ilinipita begani taratibu, ikaenda mbele...

"Nani ameitika?" Marit akanong'ona.

"Hakuna mtu. Tembea."

Nilimdanganya. Ningemwambia atupe ndoo akimbie, labda leo ningelala usingizi.

Ilianza kwa vitu vidogo. Asubuhi moja nilimkuta Marit amekaa kwenye kigoda anasuka maziwa tuliyopewa na jirani kwenye kibuyu, anayumba mbele na nyuma bila kumwaga tone. Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa anaimba kwa pumzi. Nywele zake nyeupe zilinuka samli, na samli ndani hatukuwa nayo tangu Baba aondoke na ng'ombe.

"Marit," nikamwita.

Hakugeuka.

"Minza..."

"Unasemaje, Kadogo?"

Kadogo. Jina hilo dada yangu alikuwa akiniita kitandani tu. Hata Mama hakulijua.

Nilitaka kukimbia, na nilitaka kumkumbatia. Nilibaki nimesimama. Yeye akaendelea kusuka, kisha akauliza kwa Kisukuma, sauti ya upole kabisa, kama anayeuliza chumvi iko wapi.

"Kadogo... kwa nini mlisubiri asubuhi?"

Mama alikuwa mlangoni. Alisikia. Ungo ulimtoka mikononi, karanga zikatawanyika uani. Nilidhani atapiga kelele. Badala yake alipiga magoti, akakishika kichwa cha yule mtoto wa watu, akakiweka kifuani.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Mimi ndiye niliyesema."

Tangu siku hiyo Mama alikuwa mtu wa furaha. Alipika michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa karanga kila siku, chakula cha Minza. Alitembea anaimba. Nami nilikula michembe ile, nikacheka na dada yangu, nikijua kabisa ni mdomo wa nani unaocheka.

Lakini kuna nyakati Marit alirudi. Alirudi kwa muda mfupi, alfajiri mara nyingi. Nilizinduka nikamkuta amekaa, ameshika mkono wangu kwa nguvu.

"Scola," alisema kwa Kiswahili chake kile cha kuokoteza. "Nani analala ndani ya mimi?"

Nilimfunika shuka.

"Scola, mimi nasahau jina ya mama yangu. Jana nilijua. Leo hapana."

Hapo nilijiona mwizi. Huyu alikuwa na mama yake. Mama huyo alimfungia mtoto sanduku, akamtuma kwetu akiamini tutamrudisha. Na wiki hiyo mwaka wake ulikuwa unaisha. Mwalimu Venant, msimamizi wa mpango, angekuja kumchukua kwa ajili ya treni ya Tabora. Kama Marit asingerudi mwilini mwake kabla ya safari, nani angemrudisha huko Norwei?

Nilimwendea Mama jikoni. Nilimwambia mrudishe Minza, Baba hayupo, wewe ndiye uliyemwita, wewe ndiye utakayemwambia aende.

"Nimfukuze mwanangu mara ya pili?"

"Huyu ana mama yake."

Aliyaangalia maji ya ugali mpaka yakachemka yakamwagika motoni. Kisha akasema, "Haya. Kesho jua likishuka."

Kesho yake, siku moja kabla ya treni, tulimkalisha msichana kwenye kigoda mlangoni mwa zizi. Uso wake tuliuelekeza magharibi. Mimi nilimshika mabega. Mama alishika kibuyu cha maji ya unga wa mtama. Maneno nilikuwa nayajua, hata mtoto wa kwetu anayajua. Unamtaja anayetakiwa kuondoka, unamwambia aende akapumzike, unapuliza maji. Anayetajwa ndiye anayeondoka. Jua likishazama imekwisha.

Zizi lilikuwa tupu, lakini nilisikia kwato zikikanyaga ndani...

Harufu ya samli ikawa nzito mpaka nikakohoa. Mabega yale yalikuwa baridi. Mama alimwangalia msichana usoni muda mrefu. Machozi yalimshuka.

Kisha akainama, akanong'ona.

"Marit. Nenda ukapumzike."

Akapuliza maji.

Nilisikia vizuri. Alimtaja Marit, si Minza. Mama aliinua macho akanitazama, akijua kwamba nimesikia. Nusu ya jua ilikuwa bado juu. Ningeweza kulisema mimi, jina la dada yangu tu, neno moja. Nilifungua mdomo.

Nikaufunga.

Mwili ule ukashtuka mikononi mwangu mara moja, kama mtu aliyekanyaga shimo gizani. Kwato zikanyamaza. Harufu ikakatika.

Siku ya pili Mwalimu Venant alikuja. "Marit, uko tayari?" Msichana akageuka palepale, akatabasamu. "Ndiyo, Mwalimu." Alipanda gari na sanduku lake, akapungia majirani; mimi na Mama tukamsindikiza, akapiga picha stesheni. Mwalimu alisema huyu mtoto Kiswahili amekikamata kweli, anaongea utadhani amezaliwa hapa. Treni ilipoanza kusogea alinivuta shingo dirishani.

"Kadogo," alininong'oneza, "mtunze Mayu."

Tulirudi kwa miguu. Mama alikuwa mbele yangu, kanga ameifunga kichwani, hakulia.

"Huko kuna hospitali nzuri," alisema bila kugeuka. "Huko homa haiui mtu."

Mwaka uliofuata ikawa zamu yangu. Mwalimu Venant alikuja na karatasi za safari, nikakataa. Alinigombeza sana, akasema nachezea bahati. Ningemwambia nini? Ningekaaje mezani kwa yule mama wa watu, nimwangalie akimkatia dada yangu mkate, akimwita mwanangu?

Na jioni nisingeweza kumwacha Mama peke yake, Baba akiwa tena malishoni na ng'ombe. Maana kila jua likishuka, mtu anasimama nje ya ua wetu wa miiba. Haingii. Sisi wenyewe tulimfundisha kwamba kwa watu huingii mpaka ukaribishwe.

"Hodi," anasema, kwa lafudhi ile ile ngumu. "Hodi, Mama. Ni mimi, Marit."

Mama anasonga ugali. Mwiko unagonga sufuria kwa nguvu kuliko inavyohitajika.

"Scola? Nataka kwenda nyumbani. Sijui njia."

Anachohitaji ni kukaribishwa tu, na mwili wa kuingia. Hapa nyumbani msichana wa umri wake nilikuwa mimi peke yangu. Haki ingekuwa niseme karibu. Nilikuwa nakaa karibu na moto, nimeziba masikio kwa viganja, mpaka giza liingie na sauti iishe.

Mama amekwisha kufa. Hodi bado inapigwa. Sasa anaita jina langu tu.