Uzi Chini ya Sauti

Mpaka leo hakuna aliyeweza kueleza vile viganja kwenye ukuta wa studio. Mtu akigusa ukuta kwa mkono wa matope, alama hubaki juu ya lipu. Viganja hivi vilitokeza. Vilivimba kuja chumbani, kana kwamba mtu alikuwa ndani ya tofali akasukuma kabla simenti haijakauka, na simenti ile ilikuwa imekauka miaka mingi kabla ya mambo haya. Upande wa pili ni uwanja wa kuanikia nguo, na huko ukuta ni laini kama sahani. Waliletwa waashi wautazame. Mmoja aligonga kwa nyundo, akaweka sikio, akakusanya vifaa vyake na kuondoka bila kuaga.

Siku yenyewe ilianza kama siku yoyote. Mwenye studio, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alikuwa anasafisha tangazo la duka la magodoro. Kusafisha ndiko kulikompa jina. Watu walimletea nyimbo za harusi, mahubiri, salamu za rambirambi, naye akaondoa mlio wa friji, jogoo wa jirani, kikohozi, hata pumzi ya msemaji. Alifanya kazi kwa macho zaidi kuliko masikio. Sauti ilitandazwa kwenye skrini kama milima, na chochote kilichotambaa chini ya milima hiyo alikikata.

"Wewe ukipewa harusi utamtoa hata bwana harusi," Kishindo, mpiga ngoma wake, alimtania, akiwa amejilaza kwenye sponji akila karanga.

"Akipumua kwa kelele, namtoa."

Studio ilikuwa chumba cha mwisho cha nyumba ya marehemu mama yake Fundi, kimebandikwa sponji na trei za mayai. Zamani kilikuwa chumba cha dada yake mdogo. Huyo dada walimwita Chiriku kwa sababu utotoni hakujua kunyamaza. Alipofika umri wa kumaliza shule akaanza kujibu watu ambao wengine hawakuwaona. Zilipomjia siku mbaya, mama alijifungia naye mle chumbani, ufunguo kifuani. Baadaye mama alitoka na shavu limevimba, akisema amejigonga kabatini. Tangu mama azikwe, Chiriku alimeza dawa zake, akakunja nguo za nyumba nzima, akanyamaza. Chiriku asiyelia.

Asubuhi hiyo Shangazi aliingia bila kubisha, kama kawaida yake, mkononi ana simu iliyopasuka kioo.

"Nilikuwa natafuta vifungo kwenye mkoba wa marehemu," alisema. "Nimekuta simu yake. Ndani kuna mtu anaimba."

Fundi aliiunganisha na spika.

Kwanza lilikuja pigo. Kiganja kwenye ukuta. Kikapumzika, kikapiga tena, mwendo wa mtu aliyechoka lakini hawezi kuacha. Kisha sauti ya Chiriku, nyembamba, isiyotetemeka:

*Kichwani mwangu mna nyumba,
nyumba ina watu wengi,
wote wanagonga mlango,
na mlango ni mimi.*

Baada ya kila ubeti aliacha nafasi. Katika nafasi hiyo kulikuwa na kitu kama mchakacho wa nguo, chini sana, halafu wimbo ukaendelea kama uliopewa ruhusa.

Ulipokwisha, Kishindo alikuwa analia, karanga zimemwagika. Akaanza kumzungumzia baba yake, jinsi alivyofungwa kwa kamba nyuma ya jiko, na jinsi yeye alivyoambiwa akiulizwa aseme baba amesafiri. Fundi alikuwa amefanya naye kazi tangu ujana. Hakuwahi kulisikia hilo.

"Sijui kwa nini nasema," alisema Kishindo akijifuta. "Ila najisikia kama nimetua mzigo."

Shangazi aliichukua simu mpaka kwa Muuza Magodoro, jirani yao. Mke wa jirani huyo alikuwa hajatoka kitandani tangu mtoto wao afe kabla ya kuzaliwa. Shangazi alikaa ukingoni mwa kitanda, wakasikiliza wote wawili. Mchana ule yule mwanamke aliomba maji ya kuoga. Jioni yake alikaa barazani akichana nywele, na mumewe akasimama mlangoni akimtazama kama mtu anayeogopa kupumua asije akamwamsha.

Hapo ndipo Fundi alipoamua kuusafisha ule wimbo. Kitu kizuri namna hii, aliwaza, hakistahili kutoka na uchafu. Aliunakili kutoka kwenye simu, akauweka kwenye skrini. Milima ya sauti ya dada yake ilikuwa wazi, na chini yake, kwenye zile nafasi, ulipita mstari mwembamba kama uzi. Hakuongeza sauti ili ausikie. Aliuona, akaukata. Kompyuta ilikuwa imejaa, basi akahifadhi kazi juu ya ile ya kwanza, kama alivyofanya siku zote. Simu ya mama ilizimika usiku huohuo, betri imevimba, haikuwaka tena.

Asubuhi akautuma kwa Kishindo. Akautuma kwa Muuza Magodoro, naye akampelekea mkewe, akaiacha simu juu ya mto, akaenda dukani akipiga mluzi.

Siku hiyo, jua lilipofika kichwani, Kishindo alikuja mazoezini amevaa hedifoni. Hakusalimu. Alisimama akiutazama ukuta, akaupiga kwa kiganja. Akapumzika. Akaupiga.

"Mwenzangu, ngoma ziko huku," alisema Fundi.

Akaupiga. Trei ya mayai ikapasuka, sponji ikachanika, kiganja kikafika kwenye lipu. Akaendelea. Fundi alisikia kitu kikivunjika na akajua si ukuta. Mkono ulikuwa unaning'inia, na bado Kishindo aliunyanyua na kuupiga, damu ikirukia dari. Mkono ulipokataa, alitumia paji la uso.

Fundi alizing'oa zile hedifoni. Kishindo akageuka. Macho yalikuwa wazi, hayana mtu. Alimshika Fundi kooni kwa mkono mmoja, akamgandamiza sakafuni, akamng'ata ncha ya sikio na kuitema. Kisha akainama, akamnong'oneza kwenye kidonda:

"Hakuna mtu. Nimegonga vyumba vyote. Hakuna mtu."

Fundi alimpiga kwa stendi ya maikrofoni mpaka akalegea.

Alikuwa bado amekaa kwenye damu, hajui ipi yake na ipi ya rafiki yake, aliposikia mlango. Chiriku alisimama pale na nguo zilizokunjwa mikononi. Hakumtazama Kishindo aliyezimia sakafuni. Aliitazama kompyuta.

"Kaka," alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu mazishi. "Mama umempeleka wapi?"

"Nini?"

"Alikuwa humo. Nikinyamaza, ananiambia yupo. Nimeusikia kwa jirani, dirishani. Umemtoa."

Fundi akaitazama skrini. Uzi ule. Mchakacho ule wa nguo. *Nipo, mwanangu. Nipo.* Alikuwa amemkata mama yake kwa macho, bila kumsikia, na kuacha peke yake ile nyumba yenye watu wanaogonga.

Kabla hajajibu, ukelele ulisikika nyumba ya pili.

Muuza Magodoro alikuwa amerudi kula. Alimkuta mkewe wima mbele ya ukuta wa chumba cha kulala, vidole vimepinda kila upande, simu ikiimba kitandani. Alimshika mabega. Mkewe akachukua pasi, akampiga nayo usoni, akampiga alipoanguka, akampiga alipotambaa, na kila pigo lilikuwa kwenye mwendo. Mumewe alitoka nje kwa magoti, taya limehama, jicho moja limefumba. Waliomwinua walimuuliza nani. Alinyoosha kidole kwenye nyumba ya Fundi.

Huwezi kumlaumu. Jana yake alikuwa amerudishiwa mke.

Watu walikusanyika upesi. Wimbo ulikuwa umeshasambaa simu hadi simu; wengine walikuwa na jamaa waliokwisha kuusikia, na mtaani milango ilikuwa inapigwa kutoka ndani. Neno *mchawi* lilitamkwa mara moja kwa kunong'ona, halafu halikuwa mnong'ono tena. Walitaka Chiriku atolewe. Walishika fito, mawe, na mmoja alikuja na petroli ya pikipiki yake ndani ya chupa ya soda.

Shangazi alifunga mlango wa mbele, akaweka mgongo wake hapo.

"Mtanipitia mimi kwanza!" alipaza sauti. "Na mimi nina makalio mazito, mtachelewa!"

Hakuna aliyecheka. Jiwe la kwanza lilipiga bati.

Studioni, Fundi alipekua kompyuta kama kichaa. Hakukuwa na kitu. Mama hakuwa popote.

"Washa," alisema Chiriku. Alikuwa ameketi sakafuni, mahali kitanda chake kilipokuwa zamani. "Nitauimba tena. Wewe kaa alipokaa."

"Ukiimba, yale ya zamani yatakurudia."

"Hayajaondoka, kaka. Nimeyakalia tu." Alimtazama. "Nikinyamaza, sema upo. Usichelewe. Hata ukiogopa, usichelewe."

Fundi aliwasha kinasa sauti. Chiriku akaweka kiganja ukutani, juu ya damu ya Kishindo. Akapiga.

Ukuta ukajibu.

Haukuwa mwangwi. Pigo lilitoka ndani, zito, likazitikisa trei. Chiriku aliimba ubeti wa kwanza. Alinyamaza.

"Nipo," alisema Fundi.

Mapigo yakawa mawili. Yakawa mengi. Yalitoka kwenye kuta zote, juu, chini, pembeni. Sponji zikabanduka. Nyuma ya sponji hizo, lipu ilikuwa inavimba. Ilipanda na kushuka kama ngozi yenye kitu chini.

"Nipo. Dada, nipo."

Chiriku alikuwa anajikwaruza shingo kwa mkono wa pili. Ngozi ilifunguka. Hakuacha kuimba. Fundi alimshika mkono huo. Akapigwa kiwiko cha pua. Hakuuachia. Akapigwa tena. Hakuuachia.

"Nipo!"

Nje, mlango uliachia bawaba. Shangazi alipiga kelele. Kioo cha dirisha kikapasuka, na jiwe likaingia pamoja nacho.

Lilimpata Fundi mdomoni.

Meno yalivunjika. Ulimi ulijaa damu na vipande. Chiriku alimaliza ubeti, akanyamaza. Fundi alifungua mdomo. Likatoka povu. Alijaribu. Povu. Dada yake aligeuza uso kumtazama, na macho yake yalianza kuisha, taratibu, kama taa ya mafuta.

Mapigo yalikoma yote kwa pamoja.

Katika ukimya huo, karibu kabisa na maikrofoni, mtu alisema:

"Nipo, mwanangu. Nipo."

Chiriku akavuta pumzi, akaimba ubeti wa mwisho.

Fundi hakungoja kuelewa. Alitambaa mpaka kwenye mitambo, akaisukuma spika kubwa dirishani na kuwaachia waliokuwa nje wimbo wote kama ulivyonaswa, wenye pua inayovuja, vioo vinavyopasuka, kelele za Shangazi na ile sauti. Hakusafisha chochote. Aliyekuwa ameinua fito mlangoni aliishusha. Mwenye chupa aliketi barabarani, akaikumbatia, akaanza kulitaja jina la ndugu yake ambalo nyumbani kwao halikuwa limetajwa kwa miaka. Milango mtaani ikanyamaza, mmoja mmoja.

Haikurudisha kila kitu. Mkono wa Kishindo uliunga vibaya, hapigi ngoma tena. Taya la Muuza Magodoro linalia akitafuna. Mkewe anaendelea na matibabu, hupata siku nzuri na siku mbaya, na katika zile mbaya mumewe huketi kitandani mwake, si mbali, ingawa akiiona pasi hugeuza uso. Fundi aliacha kazi ya kutengeneza sauti. Anasema akitazama skrini, kila uzi anauona unapumua.

Walipokuwa wamekwisha kushonwa na kufungwa bendeji, walikaa watatu sebuleni kuamua la kufanya. Fundi alitaka wimbo ufutwe. Shangazi alitaka upelekwe kwa kila aliyeusikia ule mbaya. Chiriku ndiye aliyetoa neno la mwisho: usifutwe, usiguswe, wala usitumwe kwa mtu. Asiusikilize yeyote akiwa peke yake. Shangazi aliubeba. Kila mchana alijifunga mtandio, akaenda nyumba hadi nyumba, akaketi kitandani kwa watu, akasikiliza nao mpaka mwisho, na ukifika kwenye zile nafasi alikuwa anawashika mkono.

Kilichobaki kilikuwa ukuta. Walikuwa wameng'oa sponji zote na kuviona viganja, vimejaa toka sakafuni hadi darini, vikubwa, vidogo, vingine vya watoto. Walikubaliana upigwe lipu upya. Fundi alichanganya simenti na mchanga uwanjani, akaingiza ndoo, akashika mwiko. Mkono wake haukunyanyuka.

Chiriku akamnyang'anya mwiko. Alifanya kazi asubuhi nzima akiimba kwa sauti ya chini vijinyimbo vya utotoni, akifunika kiganja baada ya kiganja, na kila alichokifunika kilibaki kimefunikwa. Alipofika pembeni ya dirisha, karibu na maikrofoni iliposimama, alisita. Kiganja cha hapo kilikuwa na kidole kidogo kilichopinda kwa ndani, kama cha mama yao, kilichovunjika siku mojawapo ya zile za kabatini.

Aliweka mwiko chini. Akanawa mikono. Akaweka kiganja chake juu ya kile.

"Huyu namwacha," alisema. "Ana joto."