Mnada wa Ndama Asiyeuzwa

Marlys Dreiling alikuwa ameshavaa sare yake ya uuguzi, lakini hakuwa na pa kumwacha mtoto. Tessa, mwenye miaka miwili, alikaa chini ya meza akijivisha kiatu cha baba yake.

Mjini Wendler, huko Kansas, mlezi wa watoto alikuwa mmoja tu, Bibi Ardith. Kwa miaka mingi aliwalea watoto wa watu sebuleni kwake. Sasa magoti yalikuwa yamemshinda na mlango ameufunga. Kituo cha kulelea watoto kilichokuwa karibu zaidi kilikuwa mwendo wa saa nzima kwa gari, na huko nako nafasi zilijaa.

"Niachie mimi," alisema Galen, mumewe. "Nitakwenda naye kulisha ng'ombe."

"Juzi ulikwenda naye. Akarudi na mavi ya ng'ombe masikioni."

"Masikio yote mawili?"

"Galen, sifanyi mzaha."

Siku hiyo Marlys alifika kazini amechelewa, na si yeye peke yake aliyechelewa. Kwenye nyumba ya wazee alikofanya kazi, wauguzi wengine wenye watoto wadogo walikuwa na shida hiyohiyo. Wawili, mmoja wao Shawna, walikuwa wameshasema wataacha kazi. Msimamizi aliwaita wote, akawaambia bila kuzunguka: wauguzi wakipungua zaidi, upande wa mashariki utafungwa, na wazee wake watahamishiwa mji wa mbali.

Upande wa mashariki ndiko alikokaa Alvin, baba yake Galen.

Jumapili baada ya ibada, Twila Pfeifer alivuka barabara akaja kwao. Twila alikuwa jirani yao, na alifanya kazi katika mfuko wa maendeleo wa wilaya. Aliketi bila hata kuvua koti.

"Jimbo limetukubalia," alisema. "Ule mradi wa kituo cha watoto, kwenye jengo la benki ya zamani. Tumepewa nafuu ya kodi kwa ajili ya wachangiaji."

"Yaani serikali inatupa pesa?" aliuliza Marlys.

"Haitupi moja kwa moja. Wanaotoa ni watu wenyewe, na maduka na makampuni ya hapa. Jimbo linawapunguzia kodi kwa sababu wametoa."

Galen akasukuma kikombe chake cha kahawa pembeni. "Hayo nayajua. Ukitoa msaada, unapunguza kidogo yale mapato yanayotozwa kodi. Mwisho wa yote unapata senti za kununulia pipi."

"Hiyo ni nyingine, Galen. Hii inapunguza kodi yenyewe. Tuseme umetoa dola elfu moja. Kwa mji mdogo kama wetu, kodi yako ya jimbo inapungua kwa dola mia saba."

Galen alikuwa mtu wa hesabu za kichwani. "Na kama mwaka ulikuwa wa ukame, na kodi yangu haifiki mia saba?"

"Kwa mpango huu wetu, kinachozidi unarudishiwa. Majimbo mengine yana sheria zao, lazima mtu aulize kwanza. Na aulize pia kama mradi umekubaliwa kweli, maana si kila anayekusanya michango ana ruhusa hii. Ukitoa, unachukua stakabadhi, unampa anayekutayarishia kodi. Basi."

"Kwa hiyo mia tatu zinatoka mfukoni mwangu."

"Ndiyo. Ni mchango, ndugu yangu, si biashara. Ila mia tatu zako zinakuwa elfu moja hapa mjini. Zinatengeneza jengo, zinalipa walezi, na wazazi wanakwenda kazini. Wakienda kazini wananunua vitu hapahapa."

Marlys akavuta kiti karibu. Tangu Bibi Ardith afunge, hiyo ndiyo habari ya kwanza iliyokuwa na mlango wa kutokea.

"Lakini muda ni mfupi," Twila akaendelea. "Mwaka ukiisha hatujapata wachangiaji wa kutosha, nafuu iliyobaki inarudi jimboni, wanapewa wengine."

"Sawa," alisema Galen. "Natoa. Ila Tessa awe wa kwanza kupata nafasi."

Twila akatikisa kichwa. "Hapo siwezi. Ukitoa ili upewe kitu, hujachangia, umenunua. Nafuu ya kodi hupati, na mradi mzima unaweza kutuharibikia. Nafasi zitapigiwa kura ya bahati, majina yachomolewe tu."

"Nitoe pesa yangu, halafu mwanangu abaki nje?"

"Inawezekana."

Galen akainuka, akatoka kwenda kuangalia ng'ombe ambao hawakuhitaji kuangaliwa. Marlys akavaa buti akamfuata hadi zizini.

"Twila ananionea," alisema Galen bila kugeuka. "Nawe unataka nikubali."

"Sikiliza. Mtoto wa Shawna akipata nafasi, Shawna haachi kazi. Shawna asipoacha kazi, nani anamwogesha baba yako asubuhi?"

Galen alikuwa akimtazama ndama mmoja mwekundu, mnene, aliyekuwa akikwaruza shingo yake kwenye nguzo.

"Watu wa hapa ukiwaomba pesa kanisani wanatazama dari," akasema polepole. "Lakini kwenye mnada hawawezi kuiweka mikono yao chini."

Twila alipoelezwa wazo hilo alicheka, kisha akalinyoosha. "Ndama asiuzwe. Anayenunua ng'ombe amenunua ng'ombe, huyo si mchangiaji. Mwingizeni ulingoni, watu wataje michango yao, halafu ndama arudi zake nyumbani."

"Na dalali?"

"Dalali unaye," alisema Marlys. "Yuko upande wa mashariki, anagombana na televisheni."

Kweli, Alvin Dreiling alikuwa ameuza ng'ombe wa wilaya nzima kabla miguu haijamwishia nguvu. Marlys alipompelekea habari, mzee aliuliza swali moja tu: "Kofia yangu iko wapi?"

Mnada ulifanyika Jumamosi, wiki moja kabla ya Krismasi. Baridi ilikuwa ya kukata pua, lakini ndani ya banda la mnada kulijaa mpaka watu wakasimama. Wanawake wa kanisa waliuza bieroki za moto, vile vimikate vilivyojazwa nyama na kabichi. Twila alipanda ulingoni akaeleza habari ya nafuu ya kodi kama alivyomweleza Galen, akataja na kiasi cha chini cha mchango. Kisha Galen akamwingiza ndama, na Alvin, juu ya kiti chake cha magurudumu, akashika kipaza sauti.

Sauti ikatoka kama maji ya bomba lililozibuliwa. Mia mbili na hamsini, nani ananipa, huyo hapo, nani mwingine, mwenye kofia ya kijani, asante, endelea, endelea. Galen alitaja elfu moja yake. Mwenye duka la mbolea akafuata, na benki mpya, na fundi wa matrekta. Mikono ikapanda kila upande. Marlys alimbeba Tessa begani, mapigo ya moyo wake yakikimbizana na ulimi wa mkwe wake.

Kisha mikono ikaanza kupungua. Twila akamtazama Alvin na kutikisa kichwa. Kiasi walichohitaji kilikuwa bado.

"Harlan Koehn," aliita Alvin, "mkono wako umekaa mfukoni tangu tulipomaliza shule. Umegandia humo?"

Watu wakacheka, lakini Harlan, mwenye ng'ombe wengi kuliko wote, hakutoa mkono.

Ndipo Bibi Ardith akainuka kutoka benchi la mbele, akiegemea fimbo.

"Mia tano," alisema. "Kutoka kwenye pensheni yangu." Akageuka kuwatazama wanaume waliopangana kwenye viti vya juu. "Na ninyi mnanitazama nini? Nusu yenu nimewabadilisha nepi. Roy, wewe ulikuwa hulali bila kushikwa kidole. Na wewe, Harlan, wanao wote watatu wamekulia kwenye zulia langu, na mdogo wao alikuwa anang'ata."

"Bado anang'ata," alisema Harlan, na banda zima likaangua kicheko. Mkono wake ukatoka mfukoni. "Elfu tano."

Baada ya hapo Alvin hakuwa na kazi ya kubembeleza mtu. Roy akapandisha mkono, na ndugu yake, na waliokuwa wameshatoa wakatoa tena. Twila alikuwa akiandika huku machozi yakimtoka. Mwishowe akainua mikono yote miwili juu, na Alvin akapiga nyundo. Ndama mwekundu, ambaye hakuelewa chochote, akakojoa katikati ya ulingo.

Ujenzi ulianza Januari. Jengo la benki likapata joto, vyoo vifupi na uzio wa kuchezea. Kura ilipopigwa, jina la Tessa halikutoka. La mtoto wa Shawna lilitoka. Galen alikunja uso siku nzima, kisha akaenda kusaidia kupigilia uzio. Marlys na Shawna wakapangiana zamu, na Shawna akawa anamchukua Tessa siku zake za mapumziko.

Galen alipotoka kwa anayemtayarishia kodi, alimpigia Twila simu akiwa bado barazani kwa watu.

"Imepungua kweli," alisema. "Kama ulivyosema, bila kukosea. Mwaka ujao mnachangishia nini?"

"Nilidhani utaniuliza habari ya Tessa."

"Hiyo nilikuwa naijia."

"Tumepata mlezi mwingine. Chumba cha pili kinafunguliwa Jumatatu."

Jumatatu hiyo Marlys alimfikisha Tessa mlangoni, tayari kwa kilio. Tessa aliona beseni la mchanga, akachomoa mkono wake, akaenda bila kugeuka nyuma. Marlys alisimama kidogo, sare yake ikiwa safi, mikono yake mitupu. Kisha akaendesha gari hadi kazini. Alipokata kona aliona madirisha ya upande wa mashariki, yote yamefunguliwa mapazia, na Shawna ndani akimfunga Alvin vifungo vya shati. Mzee alikuwa anaongea bila kupumzika.

Marlys aliegesha gari, akaingia kazini kwa wakati.