Simu Ndani ya Mfuko wa Ngozi

Kila siku akitoka shule, Fardosa huchaji simu ya baba yake, maana nyumbani kwao, nje kidogo ya Garsen, simu ni hiyo moja tu. Zamani alitumia waya, lakini tundu la kuchajia lilijaa vumbi la malishoni likaharibika. Ndipo Baba akanunua sahani ya kuchaji bila waya. Unailaza simu juu yake, umeme unaingia wenyewe.

Kazi ingekuwa rahisi, ila ule mfuko! Baba aliushona kwa ngozi ya mbuzi, akaupaka mafuta ya mkia wa kondoo ili mvua isipenye. Mafuta yalikuwa yamechacha. Yalinata vidoleni, yalinuka, na nzi hawakubanduka.

"Itoe simu mfukoni kwanza," Baba alimwambia. "Mto unajaa. Lazima nimpigie ami yako Abdirizak ahamishe ng'ombe kabla maji hayajawazingira."

Fardosa aliziba pua. Kama umeme hauhitaji waya, ngozi itauzuiaje? Akautupa mfuko mzima juu ya sahani, akaenda kuchota maji.

Aliporudi, dada yake Darmi alikuwa mlangoni akitema mate. "We Fardosa, umepika mzoga humu?"

Mafuta yalikuwa yameyeyuka. Yalitambaa mezani, ya manjano, yamejaa manyoya, na mende wawili wamezama ndani. Fardosa aliufungua mfuko. Simu ilikuwa ya moto na imezimika.

"Uliitoa mfukoni?" Baba aliuliza.

"Nili..." Akautazama uchafu ule. "Sikuitoa, Baba. Niliona kinyaa."

"Basi ni joto tu, haijaharibika."

Baba aliipangusa simu, akaiacha ipoe, kisha akailaza juu ya sahani ikiwa tupu. Ilipowaka, akapiga.

"Abdirizak! Hamisha ng'ombe sasa hivi!"

"Nawatoa, kaka. Maji yameshafika kwenye boma."

Mama alimpa Fardosa kitambaa na majivu. "Sahani hii imetuondolea shida ya waya, lakini sehemu ya umeme wake hupotea na kuwa joto. Ukilifunika, linaunguza. Ulikimbia uchafu wa vidole viwili, sasa unao mpaka viwikoni. Ila umesema kweli. Ungedanganya, baba yako angekimbilia kwa fundi, na ng'ombe wangezama. Haya, sugua. Na mguu wa meza pia."