Kengele Kabla ya Amri

Kila asubuhi Mutoni alifungua chumba cha kompyuta, akapangusa vumbi la malori ya saruji yapitayo nje lililotua juu ya meza, kisha akawasha mashine. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, kiranja wa chumba hicho. Yeye ndiye aliyetunza ufunguo wa kabati la seva, kompyuta kubwa yenye programu ya mitihani.

Programu ilipokwama, Mwalimu Ladislas alipiga kwanza kengele ya mkononi. Kila mwanafunzi alihifadhi kazi yake, kisha akainua mkono. Mikono yote ilipokuwa juu, ndipo mwalimu alipoandika amri ya kuiwasha upya katika dirisha jeusi kwenye skrini ya seva. Amri hiyo, mstari mmoja tu, ilibandikwa ndani ya kabati. Habari za kengele hazikuandikwa popote.

Siku ya jaribio la insha mvua ilinyesha tangu alfajiri. Mwalimu alikuwa ameitwa ofisini. Ukurasa wa Mutoni ukakwama. Wenzake wakiwa wameinamia kazi, alikwenda kabatini kimya, akaandika mstari ule, akabonyeza, akarudi upesi kitini.

Skrini zote zikawa nyeupe. Kazi ya saa nzima ikapotea.

"Ni Aurore! Anakaa karibu na kabati," alipaza sauti mwanafunzi aitwaye Byiringiro. "Wewe mgeni wa Bukavu unagusaka kila kitu!"

"Sikugusa," Aurore alisema. Darasa likamzomea. Mutoni aliutia ufunguo mfukoni.

Mwalimu alirudi, akasoma kumbukumbu za seva. "Amri iliandikwa saa nne na dakika kumi na mbili," alisema taratibu. "Ni mkono wa nani, seva haijui."

Aurore alifunga mkoba wake, akautia begani. "Kesho sirudi, Mwalimu."

Mutoni alisimama, akautoa ufunguo. "Ni mimi. Ufunguo ninao mimi."

Nje mvua iliendelea.

"Niliandika juu ya nyumba yetu tuliyoiacha Bukavu," Aurore alimwambia Mutoni bila kumtazama. "Sitaweza kuiandika tena vile."

Mwalimu alinyoosha mkono, akapokea ufunguo. "Mtarudia jaribio kesho. Mimi nilikosea kutoandika habari za kengele. Wewe, Mutoni, ulifanya haraka, na hilo ningelisamehe upesi. Lakini ulimwacha mwenzako azomewe kwa kosa lako. Seva ilirudi ndani ya dakika mbili. Aurore atachukua muda zaidi kukuamini, nawe hutamharakisha. Ukikosea tena, sema kabla mwingine hajalia."

Aurore aliutoa mkoba begani, akakaa.